Hiyo Mashine Tunayo?

Novemba ya mwaka jana nilisimama mbele ya jopo la walimu watatu kutetea wazo la mradi wangu wa mwaka wa mwisho, Idara ya Fizikia. Dakika kumi za kueleza, dakika tano za maswali. Nilikuwa na slaidi saba. Niliishia ya tatu.

Aliyekaa katikati ni mwalimu ninayemheshimu. Ndiye aliyenifundisha mawimbi mwaka wa pili mpaka nikayapenda. Akainua mkono.

"Ngoja kwanza, kijana. Hiyo mashine tunayo?"

"Hapana, Dokta."

"Nchini ipo?"

"Haipo."

"Sasa?"

Hiyo "sasa?" ndiyo ilikuwa hukumu. Wale wawili wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya, ni kile kicheko cha kumhurumia mtoto aliyeomba ndege sikukuu. Nikashauriwa kwa upole nitafute kitu "kinachogusa jamii", na kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshapewa: vumbi kwenye paneli za umeme wa jua. Nikaifanya. Nikapata B plus. Sina ugomvi na vumbi wala na jua. Lakini lile swali sijalimaliza. Naandika leo kulijibu kwa sababu naamini ni swali baya, na kila mwaka linawanyang'anya wanachuo, si wa fizikia tu, kazi ambazo wangeziweza wakiwa hapahapa.

Nilichotaka kufanya

MRI wote tunaijua kwa jina. Mgonjwa analazwa, anaingizwa kwenye tundu la sumaku, anasikia makelele kama ya mafundi wanaogonga bati, picha inatoka. Eksirei haimo. Miili yetu imejaa maji, maji yana hidrojeni, na kiini cha hidrojeni ni protoni moja yenye tabia ya sumaku ndogo. Ukiiweka ndani ya sumaku kubwa inayumba kwa kuzunguka, kama pia inayokaribia kuanguka. Kasi ya kuzunguka inategemea nguvu ya sumaku: mizunguko milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja.

Sasa, ili protoni hizo zitoe ishara, lazima uzisukume kwa wimbi la redio lenye masafa yaleyale. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa wakati wake, nguvu kidogo tu inampaisha. Ukisukuma ovyo, unamwangusha. Msukumo huo ndio mpigo wa redio. Unadumu milisekunde chache. Kuubuni maana yake ni kuamua uanze kwa nguvu gani, upande vipi, ushuke lini, na fezi yake iweje, ili protoni zote zilale kwa pembe ileile uliyoitaka. Hiyo ndiyo kazi niliyoiomba.

Kwenye mashine ya tesla 1.5, kazi hiyo haina taabu sana. Masafa ni megahezi 64 hivi, na wimbi ndani ya ubongo lina urefu wa karibu nusu mita. Kichwa ni kidogo mbele yake, kwa hiyo wimbi linakifunika chote kwa usawa. Panda hadi tesla 7. Masafa yanafika megahezi 298. Hewani wimbi hilo lina urefu wa mita moja, lakini ndani ya ubongo, ambao ni maji na chumvi, linajikunja hadi sentimita 13 hivi. Kichwa cha mtu mzima kutoka paji la uso hadi kisogoni kinazidi hapo. Mawimbi yanayoingia kutoka pande tofauti yanakutana ndani. Mahali pengine yanaongezana, mahali pengine yanauana.

Kila aliyekaa ukumbini siku ya mahafali analijua jambo hili bila kufundishwa. Besi ya muziki inafika kila kona. Lakini mgeni rasmi akianza kuongea, wewe unasikia kila neno, na jirani yako wa viti vitatu pembeni anauliza, "Kasema nini?" Spika ni zilezile, ukumbi ni uleule.

Kwenye picha ya ubongo ya tesla 7, viti hivyo vya bahati mbaya vinajulikana. Katikati ya ubongo panang'aa kupita kiasi. Pembeni, usawa wa masikio, panaingia giza, na chini kwenye ubongo mdogo vilevile. Giza hilo si ugonjwa. Ni mpigo haujafika.

Na hapo ndipo jamii inapoingia, kama jopo lingenifikisha slaidi ya nne.

Sahani ya mjomba

Mjomba wangu, mdogo wake mama, yuko Mahenge, wilaya ya Ulanga. Ana kifafa tangu utotoni. Mkono wake wa kushoto una kovu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Alianguka kwenye mafiga akiwa na miaka tisa, na waliokuwepo walichelewa kumtoa kwa sababu walikuzwa wakiamini povu la mgonjwa wa kifafa linaambukiza. Mpaka leo nyumbani kwa bibi kuna sahani yake, na hakuna mwingine anayeilia. Hakuna anayesema kwa nini. Inaoshwa, inawekwa peke yake.

Wenzetu wa udaktari wanaijua Mahenge. Ni moja ya sehemu zilizoandikwa sana duniani kuhusu kifafa, tangu daktari Louise Jilek-Aall alipofungua kliniki yake huko, na mpaka sasa watafiti wanafuatilia uhusiano wake na usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wa mitoni. Kwa hiyo mtu akiniambia nitafute kitu kinachogusa jamii, namwelewa. Ila jamii yangu mimi ina kichwa, na ndani ya kichwa kuna mahali kifafa kinapoanzia.

Kwa watu wazima wenye kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, sehemu inayoongoza ni lobu za pembeni, palepale usawa wa masikio, ambapo ndani yake kuna hipokampasi. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa kifafa hawapati nafuu kamili kwa dawa. Baadhi yao wanaweza kufanyiwa upasuaji, lakini daktari hawezi kukata asichokiona. Faida kubwa ya tesla 7 ni kwamba inaonyesha vidonda vidogo ambavyo tesla 3 wakati mwingine inavipita. Ndiyo maana mwaka 2017 Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya tesla 7 itumike kwa wagonjwa, si kwa utafiti peke yake.

Umeona kejeli yake? Mashine yenye nguvu ya kuona kidonda kidogo inaweka giza mahali ambapo kidonda hicho hupenda kukaa. Kinachoondoa giza hilo si sumaku kubwa zaidi. Wafaransa wanayo ya tesla 11.7 pale Saclay, sumaku ya tani 132, na mwaka 2024 walitoa picha za kwanza za ubongo wa watu kutoka humo. Ukipanda huko wimbi linakuwa fupi zaidi na tatizo linakua. Kinachoondoa giza ni mpigo uliobuniwa vizuri.

Sisemi mjomba ana kifafa cha aina hiyo. Hajawahi kupigwa MRI ya aina yoyote.

Kazi inafanyikia wapi?

Njia iliyozoeleka leo ni hii: badala ya kurusha wimbi kwa njia moja, unaweka vyanzo vinane kuzunguka kichwa, kila kimoja na nguvu yake na fezi yake. Halafu unagawa mpigo vipande vipande, na kati ya kipande na kipande unabadilisha uga wa sumaku kidogo, ili kasoro ya kipande cha kwanza ifutwe na cha pili, na ya pili ifutwe na cha tatu. Ni kama kupanga ngoma nane: hakuna hata moja inayopiga wimbo mzima, lakini zikipangwa, aliyekaa popote anausikia.

Tatizo ni joto. Mawimbi ya redio yanapasha mwili. Kanuni za kimataifa zinasema kichwa kwa wastani kisipokee zaidi ya wati 3.2 kwa kila kilo, wastani wa dakika sita, na kuna kikomo kingine kwa sehemu ndogondogo, kwa sababu wastani unaweza kuwa salama huku kijisehemu kimoja kinaungua. Ukifupisha mpigo wa kawaida uwe nusu ya muda bila kubadilisha pembe, inabidi wimbi liwe na nguvu maradufu, na joto la jumla linaongezeka mara mbili. Hakuna cha bure. Kubuni mpigo ni kupatana bei kati ya usawa wa picha, muda na joto.

Sasa mapatano hayo yanafanyikia wapi? Kwenye kompyuta. Mlinganyo wenyewe ni wa Felix Bloch, wa mwaka 1946. Sisi tunaufundishwa mwaka wa tatu, tunaukariri, tunaujibia mtihani, tunausahau. Ukiwa na ramani za uga wa sumaku na wa redio ndani ya kichwa, unatafuta namba zitakazoleta pembe sawa bila kuvuka kikomo cha joto. Ni aljebra ya matriksi na uvumilivu. Mashine inakuja mwishoni, kuthibitisha.

Mwaka 2015 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa MRI, ISMRM, iliitisha shindano la wazi la kubuni mipigo. Washiriki walipewa tatizo moja na vikomo vilevile, wakatuma majibu yao, na majibu yakapewa alama kwa kompyuta. Katika kupima majibu hayo, hakuna aliyeulizwa kama ana sumaku kwao. Santiago, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile, ndiko ilikoanzia KomaMRI, programu huria ya kuiga mashine nzima ya MRI ndani ya kompyuta. Freiburg, Ujerumani, ilitoka Pulseq, namna ya kuandika mipigo kwenye faili ambalo mashine za kampuni tofauti zinaweza kulisoma. Vyote ni bure, vinapakuliwa. Maana yake mwanafunzi akibuni mpigo wake akiwa hosteli, mwenzake mwenye mashine ng'ambo anaweza kuujaribu.

Nilijaribu. Baada ya vumbi langu kupata B plus nilirudi kwenye mpigo usiku, laptop ya RAM GB 4, ramani za uga zilizowekwa wazi na watafiti. Mpigo wangu wa kwanza ulikuwa wa kawaida kabisa, wa chanzo kimoja. Nililenga pembe ya nyuzi 10 kila mahali. Katikati ya ubongo nikapata 13. Usawa wa masikio haikufika 6. Nilifurahi kama mwehu. Lile giza nililolisoma kwenye makala za watu lilikuwa limetokea kwenye kioo changu mwenyewe, chumba namba fulani, ghorofa ya pili.

Nikahamia vyanzo vinane na vipande vitano. Kompyuta ikawa inahesabu usiku kucha. Saa tisa umeme ukakatika, betri yangu ilishakufa zamani, nikaanza upya. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu ikamaliza, na ubongo wote ukaonekana karibu sawa. Nikamwamsha mwenzangu wa chumba. Kisha nikaangalia nguvu iliyotumika, nikanyamaza. Kompyuta ilikuwa imenidanganya kwa adabu: vyanzo vilikuwa vinarusha mawimbi makubwa mno yanayofutana yenyewe kwa yenyewe, picha safi, kichwa kinachemka. Ikabidi niweke adhabu kwenye hesabu kwa kila wati inayotumika. Usawa ukapungua kidogo, nguvu ikashuka sana. Usiku ule nilijifunza zaidi kuhusu kupatana bei na maumbile kuliko muhula mzima wa madesa.

Gharama yake? Mradi wa vumbi uliigharimu idara paneli mbili, vipimo na nauli. Wa mpigo uliigharimu bando langu.

Kichwa cha nani?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema sawa, tumekuelewa, unaweza kuifanya, lakini ya nini? Wenye mashine si wapo? Wataifanya wao.

Ndiyo, wanaifanya, na vizuri. Lakini angalia wanavyoifanya. Zamani kila mgonjwa aliyelala kwenye tesla 7 yenye vyanzo vingi ilibidi kwanza apimwe ramani za uga wa kichwa chake, mpigo wake ubuniwe papo hapo, ndipo picha ianze. Inachukua muda, na muda wa mashine ni ghali. Mwaka 2017 Vincent Gras, Nicolas Boulant na wenzao wa Saclay wakaja na wazo zuri: wabuni mpigo mmoja mapema, unaofanya kazi kwa vichwa vingi, usiohitaji kupima upya. Wakauita mpigo wa wote. Waliubuni kwa vichwa vya watu sita wa kujitolea, wakaujaribu kwa wengine sita, ukafanya kazi vizuri. Ni utafiti wa heshima, na ndio ulionifanya nipende fani hii.

Lakini wanachuo, neno "wote" lina idadi ndani yake. Hapo mwanzo idadi ilikuwa sita. Umbo la kichwa, ukubwa wake na kinavyolala kwenye koili vinabadilisha mawimbi yanavyokutana. Hilo halibishaniwi, ndiyo sababu ya kutafuta vichwa vingi tangu mwanzo. Swali linalobaki ni dogo na linapimika: vichwa gani vimo kwenye orodha?

Kwenye joto ni vilevile. Joto la ndani ya ubongo huwezi kulipima kwa kipimajoto, kwa hiyo linahesabiwa kwa miili ya kidijitali. Iliyo maarufu ni familia iliyotengenezwa na taasisi ya IT'IS ya Zürich: Duke, mwanaume wa miaka 34, Ella, mwanamke wa miaka 26, Billie, msichana wa miaka 11, na Thelonious, mvulana wa miaka sita. Walijengwa kutokana na picha za MRI za watu halisi. Watu hao wachache wamelala kwenye mashine za kufikirika mara nyingi kuliko binadamu yeyote aliye hai, na vikomo vya usalama vinavyowalinda watu wengine vinahesabiwa juu ya fuvu lao, ngozi yao, mafuta yao.

Sifichi hofu yangu na pia sitaki kuitia chumvi. Sisemi mipigo ya Saclay itamwunguza Mtanzania. Wahandisi wanaongeza nafasi ya usalama kwa ajili ya tofauti za watu. Ninachosema ni kwamba nafasi hiyo nayo ina bei: kadiri usivyokijua kichwa, ndivyo unavyolazimika kupunguza nguvu ili uwe salama, na ukipunguza nguvu giza linarudi. Asiyehesabiwa hapati madhara ya kuonekana. Anapata picha mbovu kidogo, na hakuna atakayejua kwa nini.

Na hapa ndipo lile swali la jopo linapogeuka kichwa chini. Ili kujenga kichwa cha kidijitali huhitaji tesla 7. Picha nzuri za MRI ya kawaida zinatosha kuanzia: unatenganisha mfupa, ngozi, mafuta, ubongo, maji, unampa kila kimoja tabia yake ya umeme, unaweka koili ya kuiga kuizunguka, unahesabu. MRI ya kawaida nchini ipo. Programu huria za kuhesabu mawimbi, kama openEMS, zipo. Kinachohitajika ni ridhaa ya wanaojitolea, kibali cha maadili, mwanafunzi wa udaktari anayejua kutofautisha mfupa na utando, na mwanafunzi wa fizikia asiyelala. Kuna kazi gani inayogusa jamii kuliko kuhakikisha jamii imo kwenye hesabu?

Rafiki yangu anabisha

Nilimsomea mwenzangu wa chumba aya zilizotangulia. Yeye anasoma udaktari, mwaka wa nne, na hana huruma na mahubiri.

"Mwanangu," akasema, "mjomba wako hahitaji tesla saba. Anahitaji dawa isiyokatika dispensari, na mtu wa kumshika akianguka."

Yuko sahihi. Sitamjibu kwa ujanja. Mtu akiniwekea mezani pesa za mashine ya tesla 7, ambayo wenye kazi hiyo huikadiria kwa haraka kuwa dola milioni moja kwa kila tesla, nitamwambia anunue fenobabitoni na kuwafundisha watu wa kijiji kwamba povu haliambukizi. Sahani ya mjomba haitaondolewa na sumaku.

Lakini mimi sikuomba sumaku. Niliomba ruhusa ya kufikiri. Laptop yangu haikuchukua kidonge cha mtu. Na kuna jambo jingine ambalo nilimwambia akakaa kimya, na kwake kukaa kimya ni kama kukubali.

Mwaka 2022, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Leiden na wa Penn State, waliunganisha papo hapo mashine ya MRI ya tesla 0.05. Lengo ni watoto wenye maji kichwani. Sumaku yake ni ya vipande vingi vidogo vilivyopangwa kwa duara; haihitaji heliamu. Hiyo ndiyo MRI ambayo watu wengi wanasema inatufaa, na mimi nakubali. Lakini sumaku ya vipande haina usawa kama ile kubwa ya hospitali. Protoni za upande huu zinazunguka kwa kasi tofauti na za upande ule. Ili kuzisukuma zote pamoja unahitaji nini? Mpigo uliobuniwa. Kwenye tesla 7 wimbi la redio ndilo lisilo sawa. Kwenye tesla 0.05 ni sumaku yenyewe. Mlinganyo ni uleule wa Bloch, na mtu anayeweza kupambana na giza la tesla 7 kwenye kompyuta anaweza kesho kuketi Mbarara, au Muhimbili, au Bugando, akafanya mashine ya bei nafuu itoe picha bora. Aliyefundishwa kuuliza tu kama mashine ipo ataisubiri iletwe, ikiharibika atasubiri fundi aletwe.

Ninachoomba

Makala ya chuo bila maombi ni porojo, kwa hiyo naomba matatu.

La kwanza, kwa idara zetu. Mradi wa kuiga kwenye kompyuta upimwe kwa kazi yake: je, hesabu ni sahihi, data imetoka wapi, mwingine anaweza kuurudia akapata jibu lilelile? Hayo ni maswali magumu kuliko "mashine tunayo?", na mwanafunzi mvivu hatayapita. Jopo likinibana kwa hayo, nitatoka jasho nikiwa na furaha.

La pili, kwa serikali ya wanafunzi, ambayo kila uchaguzi inatuahidi viti vipya vya kafeteria. Maabara ya kompyuta inafungwa saa mbili usiku. Pale pana mashine zenye kumbukumbu mara nne ya laptop yangu, na jenereta. Tusimamie ifunguliwe hadi saa sita, tuweke zamu ya wanafunzi wenyewe, tutie sahihi kila anayeingia. Nimeshaongea na wenzangu tisa walio tayari kukaa zamu; majina nitayapeleka kwa waziri wa elimu wa serikali yetu wiki hii.

La tatu, kwa sisi wenyewe. Wa udaktari na wa fizikia tunapanda daladala moja, tunakula wali maharage meza moja, na hatujui mwenzetu anasumbuka na nini. Mimi nilijifunza mahali kifafa kinapokaa kwa sababu ya kitanda cha juu, si kwa sababu ya silabasi.

Novemba inarudi. Mtu wa mwaka wa tatu atasimama pale mbele na slaidi zake, labda ni za mpigo, labda za nyota, labda za lugha iliyokufa. Ataulizwa. Mimi siku ile nilisema "Haipo" nikakaa kimya. Ningependa yeye aendelee: "Haipo, Dokta. Hesabu yake nimekuja nayo. Niruhusu niende slaidi ya nne."

Na kama slaidi hizo ni za mpigo, programu yangu ninayo kwenye flashi, pamoja na makosa yote niliyoyafanya. Aje achukue.